Shoti ya sekunde 52 na watazamaji wasionyamaza

Katika filamu yangu ya mwisho kuna shoti moja, yaani picha moja isiyokatwa, ya sekunde 52 ambayo karibu kila aliyeiona kabla haijatoka alinishauri niikate. Mhariri wangu alisema. Rafiki aliyenisaidia kutafuta fedha alisema. Mwalimu wangu wa zamani, mtu ninayemheshimu sana, alinitumia ujumbe wa sauti kuilalamikia, na ujumbe wenyewe ulikuwa mrefu kuliko shoti. Hakuna kinachotokea pale, walisema. Mwanamke ameshika futi, amemzungushia msichana kiunoni, basi. Kamera haiendi popote.

Hadithi ni hivi. Fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, analetewa kazi ya kushona gauni la harusi. Bibi harusi ni binti mchangamfu, mdomo hautulii. Wakati anapimwa anamtaja mchumba wake, kazi anayofanya, mtaa anaotoka, na fundi anatambua kwamba bwana harusi anayesifiwa ni mume wake yeye. Binti hajui lolote. Hapo ndipo zinapokuja zile sekunde 52: futi iko kiunoni, fundi yuko kimya, binti anasubiri namba iandikwe kwenye daftari. Kisha fundi anasema "ishirini na nane", na kwenye daftari anaandika 26.

Filamu nzima ina dakika 22. Tuliipiga kwa kamera ya kuazima na mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa cha dada yangu, ndani ya kibanda cha fundi wa kweli aliyekubali kutupisha kwa sharti kwamba hakuna mtu atakayeigusa cherehani yake. Hatukuigusa. Ukitazama vizuri utaona mwigizaji wangu hashoni hata mara moja.

Sasa filamu fupi huku kwetu haina duka. Enzi za DVD za Kariakoo msambazaji alitaka filamu ndefu, tena ikiwezekana ikatwe sehemu ya kwanza na ya pili, maana kila sehemu ilikuwa diski ya kuuza. Diski zimekwisha. Leo kuna chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, kuna ya Maisha Magic Bongo, kuna YouTube, na kote huko njaa kubwa ni ya tamthilia inayorudi kila wiki. Mwenye dakika zake 22 anabakiwa na matamasha. Unafungua akaunti FilmFreeway, tovuti ya kupeleka filamu kwenye matamasha, unajaza fomu, unalipa ada ya kuwasilisha hapa, ada nyingine pale, unakataliwa kwa barua ya adabu iliyoandikwa kwa ajili ya watu elfu moja. Mtu asipojipangia atajikuta amelipa ada za kutosha kupiga filamu nyingine. Kanuni yangu ikawa kupeleka mahali ambapo naweza kufika mwenyewe kwa nauli yangu na kukaa ndani ya watazamaji. Kwa hiyo nikapeleka Zanzibar.

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, limekuwepo tangu 1998. Lilijengwa juu ya wazo ninalolipenda, la nchi za jahazi: mwambao wetu, Uarabuni, Ghuba, Iran, Bara Hindi na visiwa, kote ambako pepo za msimu zilipeleka biashara, ndoa na nyimbo. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Kwa umri si tamasha kongwe barani; Carthage ya Tunisia ilianza 1966, FESPACO ya Ouagadougou 1969, Durban 1979. Na ukilipima na Cannes, ambako pembeni ya maonyesho kuna soko zima la kununua na kuuza filamu, hili letu ni dogo. Hakuna mnunuzi atakayekukimbilia na mkataba. Udogo huo una faida yake: uliyemwona jukwaani jana usiku utamkuta leo kwenye bustani ya Forodhani anangoja mishikaki nyuma yako kwenye foleni, na mtaongea.

Ilikuwa Julai, kusi limeshika. Maonyesho makubwa ya usiku yalikuwa Ngome Kongwe, ndani ya kuta zilizojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, kwenye ngazi za mawe zinazotazama jukwaa. Nilikaa pale usiku wa kwanza kutazama filamu za wenzangu na jambo la kwanza nililojifunza lilikuwa la sauti. Ngomeni filamu haichezi peke yake. Kuna adhana ya isha kutoka misikiti ya karibu, kuna kelele za Forodhani, kuna popo, kuna upepo unaopiga maikrofoni ya mshereheshaji. Filamu zilizochanganywa sauti kwa ajili ya ukumbi uliofungwa, zenye minong'ono na pumzi, zilizama. Zilizokuwa na ngoma, ugomvi au bahari zilisimama. Jirani yangu, mpiga picha kutoka Mombasa, alisema filamu za uwanjani zinahitaji koo. Niliandika hilo kwenye simu.

Filamu yangu haikuwa ya ngomeni. Ilipangiwa kwanza ukumbi mdogo wa mchana hapo Mji Mkongwe, na baadaye onyesho la kijijini. Ratiba nilipoisoma nilifurahia ya kwanza zaidi.

Ukumbi wa mchana ulikuwa na feni, viti vya plastiki na watu wachache: wageni kutoka Ulaya, wanafunzi wa filamu wa Dar, mwandishi mmoja wa gazeti, mabinti wawili waliokuwa wakijitolea kwenye tamasha na waliopumzisha miguu. Walitazama kimya kabisa, na kimya kile kilikuwa cha heshima. Katika shoti ya sekunde 52 nilisikia feni. Nilisikia mtu akivuka miguu. Karibu na sekunde ya thelathini mzee mmoja mgeni alikohoa, na nikaanza kuhisi kwamba mhariri wangu, rafiki yangu na mwalimu wangu huenda walikuwa na hoja.

Kuna jambo jingine lililonishughulisha zaidi. Wageni walikuwa wakisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na msomaji hufika mwisho wa sentensi kabla ya msemaji. Binti wa kwenye filamu ana kichekesho kimoja kuhusu mchumba wake na nyumba asiyomaliza kujenga. Wageni walicheka wakati binti bado yuko katikati ya sentensi. Wanafunzi wa Dar walicheka alipomaliza. Na kicheko cha pili kikaanguka juu ya sentensi iliyofuata. Chumba kimoja, filamu moja, vicheko viwili vinavyopishana. Baadaye nilirudi nyumbani nikalivunja lile faili la maandishi, kila kichekesho nikakigawa mara mbili, ili neno la kuchekesha litokee sekunde ileile linapotamkwa. Kazi ya usiku mmoja, na sijui kwa nini hakuna aliyewahi kunifundisha chuoni.

Palepale ukumbini, filamu ilipokwisha, kikafika kipindi cha maswali. Mwandishi wa gazeti aliuliza swali ambalo kila mtengeneza filamu wa Tanzania ataulizwa mpaka azikwe: ujumbe kwa jamii ni upi? Nilijibu kwamba mtu amhoji mchumba wake vizuri kabla ya kwenda kupimwa gauni. Mwanafunzi mmoja aliyesoma sheria kabla ya kuhamia filamu akainuka: kwa nini fundi asiweke pingamizi? Yuko Tanga, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke nafasi ya kupinga ndoa mpya ya mumewe. Mmoja wa wale mabinti wa kujitolea, Mzanzibari, akamjibu palepale kwamba sheria hiyo haivuki maji, huku mambo hayo ni ya kadhi. Wakabishana kidogo, kwa raha. Na mgeni mmoja, mtu wa kuchagua filamu kwa ajili ya tamasha la kwao, alinifuata nje akanipa mawaidha mawili. La kwanza, ile shoti ni ndefu. La pili, kuna kosa kwenye tafsiri: mdomo unasema 28 na daftari linasema 26, nirekebishe.

Nilimshukuru. Filamu yote inaning'inia kwenye hizo inchi mbili.

Kijijini tulikwenda kwa gari la abiria lililopakiwa projekta, spika mbili, jenereta na turubai jeupe, upande wa kusini wa Unguja. Maonyesho haya ya vijijini, Unguja na Pemba, yamekuwa sehemu ya ZIFF kwa miaka mingi, na watu wanaoyaendesha wanajua kazi yao: walifika, wakasalimia wazee, wakatafuta pa kufunga turubai upepo usilichukue, wakasubiri watu watoke msikitini. Watoto walijaa mbele mpaka karibu waguse turubai. Wanawake walitandika majamvi upande wa kushoto, na nikakaa kwao. Wanaume walisimama nyuma, wengine wameegemea vespa zao.

Kusi lilikuwa linavuma. Turubai likajaa na kunywea kama tanga, na uso wa mwigizaji wangu ukawa unanenepa na kukonda tangu mwanzo. Hakuna aliyejali.

Walianza kuongea tangu shoti ya kwanza. Cherehani ya nani hiyo. Pale ni Tanga, si mnaona. Huyu fundi amechoka huyu. Binti alipoingia wakamchambua mavazi. Alipoanza kumtaja mchumba, mwanamke aliyekaa mbele yangu akashika paja la mwenziwe, akasema taratibu, "Shoga, hii si nzuri." Alikuwa ameshajua. Alijua kabla ya fundi. Habari ikapita jamvi zima, na fundi alipogutuka, kundi lote la wanawake lilikuwa limemtangulia linamsubiri.

"Kamjua! Kamjua!"

Kisha zikaja sekunde 52, na sitazisahau.

"Mbane hapohapo!"

"Mtoto hana kosa, muacheni."

"Hana kosa kwa lipi? Mtu unaolewa huulizi?"

"Ataulizaje na mwanamme mwongo?"

"Kaza futi, dada!"

Sauti ya mwanamme ikatoka nyuma, ikiwa na uhakika mwingi: "Kwani kakatazwa? Anaruhusiwa wanne." Wanawake wakageuka wote kwa pamoja. "Kaambiwa na uadilifu! Isome mpaka mwisho!" Uwanja ukalipuka, na kicheko kikubwa kilitoka kwa wanaume wenzake. Hakusema tena.

Sekunde zilikwisha watu bado wanabishana. Fundi wangu akasema "ishirini na nane" na hakuna aliyesikia. Nilishika kichwa. Neno ambalo filamu nzima inalisubiri lilimezwa na ugomvi ambao filamu yenyewe ndiyo iliyouanzisha. Daftari likatokea kwenye turubai, 26, wino wa bluu, na watu wakalitazama tu kama namba yoyote.

Ndipo mtoto mmoja wa kiume, wa mbele kabisa, aliyekaa karibu na spika, akasimama akapiga kelele: "Kasema ishirini na nane! Kaandika ishirini na sita!"

Kimya cha nusu sekunde. Halafu wanawake wakaelewa, jamvi kwa jamvi, na kelele iliyotoka pale haikuwa kicheko peke yake. Wengine walipiga makofi. Mmoja alisema "Astaghfirullah" huku anatabasamu. Mwingine akaanza kumweleza mama mkubwa asiyesikia vizuri, inchi mbili ni nini, gauni litamfanya nini huyo binti siku ya harusi, na kwa kumweleza yeye akatueleza sote. Filamu ilikuwa imesonga mbele, turubai linaonyesha mambo mengine kabisa, na sikujali hata kidogo.

Ilipokwisha, kwa gauni lililokamilika likining'inia mlangoni na hatujui fundi atalitoa au atalifumua, mtu akauliza kwa sauti, "Imekatika?" Wakamgeukia fundi mitambo. Ilibidi nisimame niseme kwamba ndiyo mwisho. Wakanitazama kwa huruma.

Baadaye, wakati turubai linakunjwa, bibi mmoja akaniita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndo wewe mwenye sinema?"

"Ndiye mimi."

"Mbona huyo mume hatukumwona?"

"Nilimficha makusudi, bibi."

Akafikiri kidogo. "Umefanya vyema. Tungemwona mzuri tungemsamehe."

Uchambuzi wa filamu yangu uliofika mbali zaidi ya huo sijaupata mpaka leo, na nimeshapewa maoni yaliyochapwa kurasa nne.

Tabia hii ya kusema na skrini ina ukoo wake pwani. Mji Mkongwe una jengo la Majestic pale Vuga, la mwaka 1955, lililosimama mahali pa ukumbi wa zamani zaidi ulioitwa Royal. Paa liliporomoka lakini sura yake bado unaiona kutoka barabarani. Wazee wanaokumbuka kumbi hizo wanakumbuka filamu za Kihindi, za Raj Kapoor na Nargis, zilizoimbwa na ukumbi mzima bila wengi kujua maana ya maneno, na kesho yake nyimbo zilezile zikisikika kwenye taarabu kwa maneno ya Kiswahili. Miji ya mwambao ilikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, zanana, ambako mama aliyefunikwa buibui njiani aliingia ndani akalivua, akakaa na mashoga zake na kusema aliyotaka kusema. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia sinema aliyoiona ujanani na nusu ya masimulizi ilikuwa nani alisema nini ukumbini.

Kizazi changu kilipata kibanda umiza: benchi, televisheni, joto, na sauti ya mtu anayetafsiri filamu ya Hong Kong au ya Marekani. Lufufu alijijengea jina kwa kazi hiyo Tanzania, na Kenya wana DJ Afro wao. Watu hao hawakuwa wakitafsiri mazungumzo peke yake. Walieleza, walitania, walimwonya steringi, walizungumza na mtazamaji, na filamu iliyotulia mno walijua kuijaza. Mtoto aliyekulia kwenye benchi lile, kama mimi, anajua kwamba ukimya kwenye skrini ni zamu yako ya kusema.

Kwa hiyo yule mtu mwema aliyenishauri nipunguze shoti alikuwa sahihi kwa chumba alichokaa. Mle ndani sekunde 52 zilikuwa nyingi. Kijijini zilikuwa chache. Mabishano yalihitaji karibu mara mbili ya hapo. Sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba basi kijijini ndiko ukweli ulipo na kumbi za mjini ni unafiki wa wageni. Mwanafunzi wa sheria na binti wa kujitolea walibishana jambo zito ambalo uwanjani lisingesikika. Lakini tunapofundishwa kuhariri, tunafundishwa kwa ajili ya chumba kile kimoja, cha watu wanaonyamaza, na hakuna anayetuambia kwamba kuna kingine.

Nilichofanya baada ya hapo ni cha kifundi na nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaohangaika na filamu fupi. Shoti imebaki na urefu wake. Nimeongeza sekunde chache baada yake, fundi anakohoa, anageuza ukurasa wa daftari, ili kelele zipate pa kushukia kabla ya "ishirini na nane". Neno hilo sasa linasemwa mara mbili: binti analirudia kwa furaha, "Ishirini na nane! Sijanenepa!" Tulilirekodi upya kwa simu, mwigizaji akiwa Korogwe, ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usiingie, na kwa kuwa binti anakuwa ameipa kamera mgongo, hakuna atakayejua. Na daftari linakaa kwenye picha muda wa kutosha mtu kumuuliza jirani yake na kujibiwa. Kila kitu muhimu kinachofuata baada ya ukimya nimekiweka kwenye picha, au nimekisema mara mbili.

Toleo hilo limekataliwa na matamasha mawili na kukubaliwa na moja. Lile lililokubali ni la ukumbi uliofungwa, watu watanyamaza, na nadhani "Sijanenepa" itawachekesha kabla haijatamkwa, maana wamenitaka faili la maandishi kwa mpangilio wao na wameviunganisha vichekesho vyangu vyote nilivyovigawa. Nimewaandikia. Wamejibu kwamba watalizungumza.

Wakati huohuo naandika nyingine, safari hii ya dakika kama arobaini, ya ndugu wawili wanaogombea ngalawa ya marehemu baba yao. Pembeni ya skripti nimeanza kuweka alama ya wino mwekundu kila mahali ninapotarajia watu waseme. Mhariri wangu ameziona alama hizo na ananiuliza kama namlipa kwa filamu yangu au kwa ya watazamaji. Tumekubaliana bei ya dakika arobaini. Alama nyekundu bado tunazijadili.